Jina Moja Kwenye Jalada, Sahihi Tisini na Sita Nyuma Yake

Rapa akitoka kwenye kundi na kutoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, jalada huwa na uso mmoja na jina moja. Ukigeuza upande wa pili unakuta ukoo mzima: huyu kaimba kibwagizo, yule katia vesi, wengine wamepika biti. Albamu ikiwa ya diski mbili, piga hesabu. Nyimbo 24. Kila wimbo, kwa wastani, una watu wanne wenye haki ndani yake: rapa mwenyewe, prodyuza, rapa mwalikwa na mwimbaji wa kibwagizo. Nne mara ishirini na nne ni sahihi 96, na zote zinatakiwa kabla wimbo wa kwanza haujapakiwa popote. Miradi ya namna hii Nairobi haikwami kwa kukosa mistari. Hukwama kwenye sahihi ya 71, ya mtu aliyekuwa beshte siku ya kurekodi na sasa hashiki simu.

Diski mbili zilitoka wapi

Albamu ya diski mbili ilizaliwa na kipimo cha plastiki. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hubeba muziki wa dakika 22 hivi. Ukiulazimisha ubebe zaidi, mifereji inabanana na sauti inanywea. Muziki wa dakika 80 ulidai santuri mbili, upende usipende. CD ilipokuja na nafasi ya dakika 74, baadaye 80, sababu hiyo ikapungua nguvu, na diski ya pili ikawa jambo la kujitakia.

Kwenye rap, aliyeufungua mlango huo kwa kishindo ni 2Pac, tarehe 13 Februari 1996: CD mbili, nyimbo 27, zaidi ya saa mbili za muziki, na wageni kila kona. Kulikuwa na hesabu ya kibiashara pia. RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, huhesabu kila diski peke yake albamu inapofikisha dakika 100, kwa hiyo nakala moja iliyouzwa husomeka mbili kwenye cheti. Mwaka 2003 Outkast wakaja na mtindo mwingine: marapa wawili wa kundi moja, kila mmoja na diski yake, zote chini ya jina la kundi. Anayefikiria kutoka kundini angeitazama njia hiyo kwanza, maana mtu anaweza kusimama peke yake bila kuvunja nyumba.

Halafu mwaka 2015 Vince Staples akatoa albamu yake ya kwanza ya studio ikiwa diski mbili, nyimbo 20, na zote kwa pamoja hazikufika saa moja. Zingetosha kwenye CD moja na nafasi ikabaki. Hapo plastiki haikuwa na neno tena. Diski ya pili ilikuwa mwanzo wa sura nyingine.

Huo ndio mtihani wa kumpa rapa wa Nairobi anayesema albamu yake ni ya diski mbili. Diski ya kwanza na ya pili zinatofautianaje, kwa sentensi moja? Mtaa na mji? Sheng upande huu, Kiswahili sanifu upande ule? Siku alizokuwa na kundi na siku za baadaye? Akikosa jibu, alicho nacho ni albamu ndefu, na albamu ndefu dawa yake ni kukatwa ibaki nyimbo 14.

Kukata kuna sababu ya pesa vilevile. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita haulipwi chochote kwa upande wa rekodi. Vichekesho vya sekunde 25 vinavyowekwa katikati ya nyimbo kwa hiyo havihesabiwi hata vikisikilizwa na mji mzima. Na kwenye orodha ya nyimbo 24, msikilizaji wa simu huchoka mahali fulani karibu na wimbo wa kumi. Nyimbo za mwisho za diski ya pili ndizo huanguka chini ya elfu moja. Ndiyo maana kolabo yenye nguvu kuliko zote haiwekwi wimbo wa tatu wa diski ya kwanza. Nafasi yake ni kufungua diski ya pili, kwa sababu yule aliyekuja kumsikiliza mgeni ataanzia hapo na pengine aendelee.

Mgeni anamiliki nini

Hapa ndipo watu wengi huchanganya, na fujo zote za baadaye hutokea hapa. Wimbo mmoja una vitu viwili vinavyomilikiwa. Cha kwanza ni utunzi: maneno, melodi, na muziki wenyewe wa biti. Cha pili ni rekodi: ile sauti iliyonaswa siku fulani, kwenye studio fulani, ambayo watu wengi huiita masta. Unaweza kumiliki kimoja bila kingine. Mgeni aliyejiandikia vesi yake ni mtunzi mwenza tangu dakika aliyoirekodi, hata kama hakuna aliyetamka neno hilo. Tena ana haki za mwigizaji juu ya sauti yake. Na kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Sura ya 130, mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Kwa kawaida huyo ni rapa au lebo yake. Lakini prodyuza aliyekurekodi kwa mkopo, bila kulipwa saa za studio, naye anaweza kusimama na kudai kwamba mipango aliifanya yeye.

Dawa ni karatasi ya mgawo, na saa yake ni kabla mgeni hajatoka studio. Baada ya wimbo kupendwa, kila mtu hukumbuka mchango wake kwa darubini. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja. Inataka jina la wimbo (na jina la muda mliloutumia studio, maana wimbo hubadilishwa jina mara tatu), tarehe, jina la kila mchangiaji kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina lake la kisanii, nambari ya kitambulisho, jumuiya ya haki anayotumia (chama kinachomkusanyia mrabaha), kazi aliyofanya, asilimia ya utunzi, asilimia ya rekodi kama ipo, na sahihi. Jina la kitambulisho si urasimu. Jumuiya na benki humlipa mtu wa kitambulisho, na mitaa ya Eastlands, Nairobi, imejaa marapa ambao hata prodyuza wao hajui majina waliyobatizwa.

Chukua wimbo mmoja wa mfano. Prodyuza kaleta biti. Mwenye albamu kaandika vesi mbili za mistari 16. Mgeni kaandika moja. Mwimbaji katunga kibwagizo, maneno na melodi. Mazoea ya rap ni kukata utunzi katikati: biti 50, maneno na melodi 50. Ile nusu ya pili mkiigawa kwa kuhesabu mistari, rapa atabeba sehemu kubwa na mwimbaji atabaki na makombo, ilhali kibwagizo ndicho kitakachoimbwa na abiria kwenye matatu na ndicho kitakachokatwa kiwe Skiza, ule muziki anaousikia anayekupigia simu. Mgawo wenye haki zaidi ungekuwa rapa 20, mwimbaji 18, mgeni 12. Ongeza 50 za prodyuza, unapata 100. Hakikisheni inafika 100 kamili. Karatasi zenye jumla ya 110 zipo nyingi kuliko unavyodhani, na jumuiya huzirudisha au huzuia malipo ya wote.

Upande wa rekodi, mgeni hulipwa kwa njia tatu. Anaweza kulipwa mkupuo mmoja na biashara ikaisha. Anaweza kupewa asilimia ya mapato. Au mnabadilishana: wewe niwekee vesi kwangu, nami nitakuwekea kwako. Hii ya tatu ndiyo inayotumika zaidi Nairobi na ndiyo isiyo na adabu kabisa. Deni la vesi halina tarehe wala thamani. Mmoja anapanda chati, mwingine anabaki palepale, na deni ambalo lilikuwa sawa kwa sawa mwezi Machi linakuwa dharau mwezi Novemba. Liandikeni: vesi ya mistari mingapi, itolewe kufikia tarehe gani, na ikishindikana ilipwe shilingi ngapi.

Asilimia nayo ina mtego. Tuseme wimbo umegharimu shilingi 60,000 kuutengeneza na umeingiza 100,000. Mgeni aliahidiwa asilimia 20. Ikihesabiwa kabla ya gharama, anapata 20,000. Ikihesabiwa baada ya gharama, anapata 8,000. Wote wawili wanasema kweli wanaposema walikubaliana ishirini. Andika neno moja kati ya haya mawili, kabla au baada, na ukisema baada, orodhesha gharama zinazohesabika: studio, kumiksi, kumasta, video. Ukiacha neno gharama likiwa wazi, ipo siku litaingiza hata nyama choma ya siku ya uzinduzi.

Ujumbe wa M-Pesa hauwezi kuchukua nafasi ya karatasi. Unaonyesha kwamba 15,000 zimetoka kwa fulani kwenda kwa fulani saa tisa na dakika kumi. Hausemi kama zilikuwa za vesi, za nauli au za mkopo. Kifungu cha 33 cha sheria ile kinataka uhamisho wa hakimiliki uandikwe na utiwe sahihi na anayehamisha. Sheria hiyohiyo inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza kama hakuna makubaliano mengine, na mawakili huishi kwa mwanya huo, maana kila upande utakumbuka kivyake nani alimwagiza nani.

Mgeni mwenye lebo ni kazi nyingine. Mkataba wake huenda unamkataza kurekodi kwa mtu mwingine bila ruhusa, kwa hiyo sahihi yake peke yake haitoshi. Unahitaji barua ya lebo, na mara nyingi lebo hudai maneno "kwa hisani ya" kwenye maelezo ya wimbo. Ombeni ruhusa hizo wiki sita kabla ya kupakia, na muanze na mgeni mkubwa zaidi. Mkubwa huchelewa, na jina lake likitolewa dakika ya mwisho, jalada, orodha na matangazo vyote vinarudi jikoni.

Na kwa kuwa hii ni albamu ya kwanza ya mtu aliyetoka kundini, kuna vitu vyake viwili vya kukagua. Biti zilizolipwa na pesa za kundi ni za kundi mpaka kundi liseme vinginevyo. Na mistari iliyoandikwa enzi zile, hata ikiwa kwenye daftari lake mwenyewe, huenda iliandikiwa wimbo wenye watunzi wengine. Wengi hupenda kurudia wimbo wa zamani kwenye diski ya pili kama kumbukumbu. Rekodi mpya ni yao, sawa, lakini utunzi bado ni wa wote.

Biti za mtandaoni zina ugonjwa wao. Nyingi huuzwa kwa leseni ya kukodi, si ya kumiliki, na leseni hiyo huwa na ukomo wa idadi ya wasikilizaji. Biti ileile hukodishwa kwa rapa mwingine Lagos na mwingine Durban. Ukiingiza wimbo wa biti ya kukodi kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wimbo ndani ya video, utajikuta unadai video za watu wenye haki sawa na yako, nao wanadai yako. Kwa albamu utakayoitegemea miaka kumi, nunua biti kwa umiliki wa peke yako au fanya na prodyuza aliye mbele yako.

Vionjo vya nyimbo za zamani, yaani vipande unavyovikata na kuvitia kwenye wimbo wako, vinahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Ile imani kwamba sekunde tatu ni bure haina mahali kwenye sheria. Gitaa la benga lililorekodiwa River Road linaweza kuwa na mtunzi aliyefariki, watoto wake kijijini, na lebo iliyokwisha kuuzwa. Haki ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufa, kwa hiyo familia bado ina neno. Njia fupi ni kumwita mpiga gitaa apige upya ile sehemu: ruhusa ya rekodi haihitajiki tena, inabaki ya utunzi peke yake.

Wageni kumi na wanane, studio kumi na nane

Mgeni mmoja atarekodi Umoja, mwingine Rongai, wa tatu Dar es Salaam. Kila studio ina chumba chake, maikrofoni yake na mazoea yake. Usimtumie mtu biti tupu kwa WhatsApp na kumwambia "weka kitu". Mtumie kifurushi: biti ya WAV (faili la sauti lisilobanwa), kasi yake kwa mapigo kwa dakika, ufunguo wa muziki, ramani ya wimbo inayoonyesha vesi yake inaanza mstari wa ngapi, na sauti yako ikiwa tayari ndani ili ajue nguvu ya kuingilia. WAV itumwe kama dokumenti au kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni. Ikitumwa kama sauti ya kawaida inaweza kubanwa njiani.

Makosa yanayojirudia ni mawili, na yote mawili husingiziwa rapa.

La kwanza ni MP3. Faili la MP3 huongezewa ukimya kidogo mwanzoni linapotengenezwa na kufunguliwa. Kwa programu ya LAME ni sampuli 1,105 hivi, yaani sekunde 0.025 kwenye sauti ya 44.1 kHz (sampuli, au vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde). Mgeni anarekodi juu ya MP3, vesi yake inarudishwa kwenye biti ya WAV, na sasa kila neno linachelewa kwa kiasi ambacho sikio linakihisi bila kukitambua. Watu husema flo yake imelegea siku hizi. Msogeze kuelekea mwanzo wa wimbo kwa hizo sampuli, flo inarudi.

La pili ni kasi ya sampuli. Mradi wako uko 48 kHz, mgeni karekodi 44.1, na programu haikubadilisha faili lilipoingizwa. Sauti inakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda nusu toni moja na nusu. Vesi ya mistari 16 kwenye kasi ya 90 (kila mstari mapigo manne), ambayo huchukua sekunde 42.7, inakwisha kwa sekunde 39.2. Hii hugundulika upesi kwa sababu inachekesha. Hatari ni pale fundi anapoinyoosha kwa mkono ili itoshe. Itatosha, ila itabaki na sauti ya bati isiyotoka tena. Futa, ingiza upya, badilisha inavyotakiwa. Chagua 48 kHz na biti 24 (hapa biti ni kipimo cha faili la sauti, si ile ya prodyuza) kwa mradi mzima na uandike hivyo kwenye kila kifurushi.

Kutoka kwa mgeni, dai mafaili mawili: sauti kavu isiyo na mwangwi wala kirekebisha sauti, na nakala yenye mapambo aliyoyapenda, kama kielelezo tu. Kila faili lianze sifuri ya wimbo hata kama vesi yake iko dakika ya pili. Ukimya mrefu mwanzoni ni bora kuliko kubahatisha mahali pa kuliweka. Vilele vya sauti vikae kati ya -10 na -6 dB. Na jina la faili liseme kila kitu, kwa mfano: D2_07_Kijiweni_Mgeni2_Kuu_92_48k24. Diski ya pili, wimbo wa saba, jina la wimbo, mgeni wa pili, sauti kuu, kasi 92, 48 kHz biti 24. Miezi minne baadaye, faili lililoitwa "verse final mpya 3" litakula saa nzima ya studio.

Nafasi ya kuhifadhi ihesabiwe mapema. Uzi mmoja wa sauti (sauti moja iliyorekodiwa peke yake) wa dakika nne kwa kipimo hicho ni kama MB 35. Wimbo wa nyuzi 40 unafika GB 1.4 kabla ya majaribio yaliyotupwa. Nyimbo 24 ni zaidi ya GB 33. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya studio. Stima ya Nairobi hukatika bila kubisha hodi, na diski ngumu inayoandika wakati huo inaweza kuondoka na wiki nzima ya kazi. UPS ndogo iliyounganishwa kwenye kompyuta na diski tu, bila spika, inakupa muda wa kuhifadhi na kuzima.

Wimbo wa wageni wengi kwa pamoja, ule wa marapa watano kupokezana, huombwa na kila mtu na hukosewa na karibu kila mtu. Fanyeni hesabu kabla ya kualika. Kwenye kasi ya 90, vesi tano za mistari 16 ni sekunde 213. Vibwagizo vinne vya mistari 8 ni 85. Utangulizi wa mistari minne ni karibu 11. Umefika dakika tano na sekunde tisa, na redio nyingi zitakata rapa wa tano. Wapeni mistari 12 kila mmoja na vibwagizo viwili: vesi 160, vibwagizo 43, utangulizi 11, jumla dakika tatu na sekunde 34. Wa mwisho awe mkali kuliko wote, na mwenye albamu asiwe wa mwisho kwa heshima tu.

Masta ya nyimbo zote 24, kwa maana ya kusawazisha sauti mara ya mwisho baada ya kumiksi, ifanywe na mtu mmoja, kwa mkao mmoja. Ukiwaachia maprodyuza tisa wamasta kila mtu wake, msikilizaji atashika kitufe cha sauti kila baada ya dakika tatu. Spotify na YouTube hushusha kiwango kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), Apple -16, kwa hiyo masta iliyogongwa mpaka -7 haipati faida. Inashushwa tu, ikiwa imeshapondeka. Kilele halisi kiachwe -1 dB. Kinachotakiwa kulingana kutoka wimbo mmoja hadi mwingine ni kimo cha sauti ya mwenye albamu. Wimbo wa gitaa peke yake una haki ya kuwa mtulivu kuliko wa trap. Baada ya hapo sikiliza kwenye simu ya bei ya chini, kwenye sabufa ya sebuleni, halafu mwombe dereva wa nganya, matatu yenye muziki mzito, dakika kumi akiwa stejini. Besi inayomeza maneno ndani ya nganya itayameza kila mahali.

Majina yanavyopotea

Msambazaji wa kidijitali, anayepeleka nyimbo kwenye majukwaa kama Spotify, atakutaka ujaze fomu, na fomu hiyo ndiyo itakayoamua nani alipwe na nani aonekane. Diski mbili zitolewe kwa nambari moja ya bidhaa, UPC, na nyimbo zipewe nambari ya diski: diski 1 wimbo 1 hadi 12, diski 2 wimbo 1 hadi 12. Si kila msambazaji ana sehemu hiyo. Uliza kabla ya kulipa. Asipokuwa nayo, utapata orodha ya 1 hadi 24 bila mpaka, na wazo lote la diski mbili limekufa kwenye skrini.

Kila rekodi hupewa ISRC yake, herufi na tarakimu 12. Toleo safi la redio ni rekodi nyingine na linataka nambari nyingine. Toleo hilo ni la lazima kama unataka kuchezwa mchana, kwa sababu kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinabana lugha chafu kati ya saa kumi na moja asubuhi na saa nne usiku. Wimbo uliotolewa mapema kama singo ubaki na ISRC ileile unapoingia kwenye albamu. Ukipewa mpya, hesabu ya wasikilizaji inaanza sifuri.

Mgeni awekwe kwenye sehemu ya msanii mwalikwa, na kiungo cha ukurasa wake halisi kiambatishwe. Ukiandika jina tu, mfumo huweza kumpeleka kwa mtu wa jina hilohilo kule Ufini. Wimbo unatokea kwa mgeni asiyehusika, mashabiki wa yule halisi hawapati taarifa, na marekebisho huchukua siku au wiki. Usimpandishe mgeni awe msanii mkuu kwenye albamu nzima. Apple, kwa mfano, albamu yenye wasanii wakuu wanne au zaidi huitaka iitwe ya wasanii mbalimbali, na hapo rapa aliyehangaika miaka miwili anapoteza jina lake kwenye kazi yake mwenyewe.

Pakia wiki nne kabla ya Ijumaa ya kutoka. Ijumaa ndiyo siku ya dunia nzima tangu Julai 2015. Ombi la kuwekwa kwenye orodha za wahariri wa Spotify lazima liingie angalau siku saba kabla, na ni wimbo mmoja tu kwa wakati, hata albamu iwe na 24. Uchaguzi wa wimbo huo usiamuliwe na ukubwa wa mgeni pekee. Ukiwa wa mgeni mtupu, msikilizaji mpya atamfuata mgeni.

Pesa zinapita wapi

Mapato ya utiririshaji huja kwa msambazaji na yanahusu rekodi. Ya redio, kumbi, baa na matatu hukusanywa na jumuiya za haki zilizopewa leseni na KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kwa desturi MCSK imekuwa ya watunzi na wachapishaji, KAMP ya wenye rekodi, PRISK ya waimbaji na wapigaji. Mgeni aliyeandika na kurap anaweza kudai sehemu mbili tofauti. Leseni hizo huwaniwa na hubadilika. Mwaka 2017 MCSK ilinyimwa na jumuiya nyingine, MPAKE, ikapewa. Kabla ya kujaza fomu yoyote, thibitisha KECOBO ni nani mwenye leseni mwaka huo. Nyimbo zenyewe ziandikishwe kwenye rejista ya KECOBO zikiwa na karatasi za mgawo, siku zilezile karatasi zinapotiwa sahihi.

Skiza ni mkondo wa peke yake na bado ni mkubwa. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliweka mgawo wake: msanii asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, mtoa huduma wa kati 8.5. Neno "msanii" hapo ndilo la kuangalia. Fedha hufika kwa aliyesajili kipande, naye ndiye mwenye jukumu la kumega. Kibwagizo kikiwa cha mwimbaji mwalikwa na karatasi ya mgawo haikutaja Skiza, hana pa kushika. Ongezeni mstari mmoja tu unaoitaja kwa jina.

KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, pia wamo. Mrabaha unaolipwa kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwa asiye mkazi ni 20. Mgeni wa Kampala uliyemwahidi asilimia kumi atapokea pungufu ya anavyotarajia, na ni heri aisikie kwako kabla ya kuisoma kwenye hesabu.

Taarifa ya kwanza ya mapato hufika miezi miwili au mitatu baada ya albamu kutoka. Ifungue kwenye lahajedwali, panga kwa ISRC, kisha linganisha na orodha yako ya nyimbo 24. Zikiwa 23, kuna rekodi ambayo haikupokelewa au ilihesabiwa chini ya jina jingine. Mara nyingi itakuwa ni yule mgeni wa Ufini.